Bi Nunu Nje ya Jiko Lake

Tangu mwezi wa Ramadhani uandame, Bi Nunu alikuwa hamwamini mtu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya darasa lake la upishi, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, tasbihi mkononi, midomo ikimtaja Mola, na masikio yote mawili yako nyuma ya pazia, jikoni. Kikizuka kicheko, alitaka kujua wanamcheka nani. Sufuria ikiburuzwa, alijiuliza inapelekwa wapi. Wakinyamaza ndiyo kabisa. Darasa zima la vijana, jiko moja, halafu kimya! Jamani, hata ungekuwa wewe, ungeamini hapo kuna wema?

Na kuinuka hawezi. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Alikuwa ameahidi kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya wanafunzi wote, kwamba mwezi mzima wa mfungo hatatia mguu jikoni, hataonja kitu, hatatoa amri, mpaka Idi. Wapike wao, waamue wao, na msimamizi wamchague wao wenyewe. Nani alimshika shingo aseme vile? Hakuna. Alijitakia.

Kisa chenyewe kilianzia kwa Shukuru. Huyo alikuwa mwanafunzi wake wa kujivunia, kijana mwepesi, mkono safi, na alipomaliza mafunzo akapata kazi ya kusimamia jiko la mgahawa mmoja Ilala. Bi Nunu alitembea Kariakoo nzima kifua mbele. Basi Shukuru akawa kila saa yuko kwenye simu. Mwalimu, nyama imekuwa rangi hii, niipue? Mwalimu, wali umekaa hivi, nipunguze moto? Mwalimu, mteja anasema pilau ina chumvi, ni kweli? Sasa pilau ya Ilala inaonjwaje na mtu aliyeko Sikukuu? Mwenye mgahawa alivumilia, akachoka, akamwambia kijana arudi alikotoka.

Alirudi. Bi Nunu alimpokea kwa maneno makali, akamwita mwoga, mtu wa kubebwa. Shukuru alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole tu: "Mwalimu, ulinifundisha kukutazama wewe usoni. Kule hukuwepo." Akaaga, akaenda zake kuuza juisi ya miwa.

Bi Nunu alikasirika kwa muda mrefu kuliko alivyotaka mtu ajue, maana alijua kijana hakusema uongo. Katika jiko lake hakuna aliyewahi kuonja chakula ila yeye. Hata Ramadhani. Masheikh wamesema mpishi mwenye haja akigusa kwa ncha ya ulimi akatema, saumu yake iko pale pale, lakini Bi Nunu aliichukua ruhusa hiyo peke yake. Vijana, alisema, watameza. Kwa hiyo wanafunzi walikoroga, walikata, walipepeta, halafu wakasimama pembeni wakimwangalia mwalimu anavyokunja uso juu ya kijiko. Akikunja kushoto, ongeza. Akikunja kulia, umeharibu. Hayo ndiyo waliyokuwa wamejifunza, na ndipo akaamua kukaa pembeni.

Kuamua ni rahisi. Shida ilianza siku ya kuchagua msimamizi. Moyoni Bi Nunu alishajua ni Amira. Amira ni mtoto wa kaka yake, damu yao hiyohiyo ya Kiarabu ya Kariakoo, wenye maduka tangu enzi za babu, msichana aliyelishwa bokoboko kabla hajaota meno. Na bokoboko ndiyo chakula kilicholipa darasa hilo jina: ngano na nyama vinavyopikwa mpaka havijuani tena, vikapondwa kwa mwiko mpaka vivutike, juu yake samli na kitunguu cha kukaanga. Nani mwingine angesimamia?

Mikono iliponyooshwa, ikamnyookea Evarista.

Evarista! Msichana wa Masasi, Mkatoliki, rozari shingoni, anakaa Kigamboni kwa dada yake na kuvuka na pantoni kila asubuhi. Mchapakazi, hilo Bi Nunu hakulikataa. Lakini ni yuleyule ambaye siku ya kwanza kuona bokoboko aliuliza kama ni uji uliomwagikiwa na mchuzi. Na sasa ndiye anayewekwa kusimamia futari ya Waislamu, na Waislamu wenzake wanampigia makofi! Amira mwenyewe alinyoosha mkono wa kwanza, tena juu kabisa.

Kwa nini? Bi Nunu hakuuliza. Alijiambia kwamba kuuliza ni kuingilia, na yeye ameshasema haingilii. Ukweli ni kwamba alishikwa na kiburi. Akabaki anajipa majibu mwenyewe kwenye kile kiti. Mara akaona Amira anataka kutawala kwa mgongo wa mtu mpole. Mara akaona wanamfanyia mzaha, wamemchagua asiyejua ili jiko liungue na mwalimu arudi akiwa amepiga magoti. Mara akaona kuna kitu kingine, kibaya zaidi, na hicho hakukipatia jina. Kila jibu lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

Na haikuwa futari ya kuchezea. Mzee Awadhi, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, kila Ramadhani hutandika mikeka barazani kwake na kuwafuturisha wachukuzi, machinga, wasukuma mikokoteni, na yeyote aliyekutwa na magharibi mbali na kwao. Chakula kinatoka kwa Bi Nunu, miaka na miaka. Siku bokoboko ikichacha au ikifika ina chumvi, kabla ya isha Kariakoo yote itakuwa imejua, na mwakani Mzee Awadhi atatafuta mpishi mwingine, na darasa litakuwa la nani? Mtu gani atamleta mwanawe akafundishwe na mwanamke aliyewalisha wafungaji chakula kibovu?

Siku zikaenda, malalamiko hayakuja. Badala yake Mzee Awadhi akatuma salamu kwamba mwaka huu mkono wa Bi Nunu umetulia sana. Aliipokea sifa hiyo, akashukuru, halafu akaanza kuigeuzageuza. Umetulia? Kwani zamani ulikuwa na fujo gani?

Hapo ndipo alipoanza kunusa. Masala ya bokoboko huwa anayasaga mwenyewe nyumbani, mdalasini ukiwa ndio mkubwa wao, na kuyaleta jikoni ndani ya kopo. Miaka yote, ifikapo mchana, harufu ya mdalasini hutoka nyuma ya pazia ikafika mpaka kwa wauza mikoba ng'ambo ya barabara. Mwaka huu harufu ni ya kubahatisha. Alivuta pumzi mpaka pua ikamuuma. Mdalasini ulikuwepo, ndiyo, lakini haba. Sasa mwingine unakwenda wapi?

Na bakuli je? Kila alasiri, Evarista alipita mbele ya kiti akiwa na bakuli lililofungwa kwenye kitambaa, akilishika kwa mikono miwili. "Mwalimu, natoka kidogo." Bi Nunu anaitikia, haya mwanangu. Msichana anapotea kwenye msongamano. Baadaye anarudi anatweta, anaingia jikoni, wananong'ona, halafu mwiko unaanza kwenda tena. Siku ya kwanza Bi Nunu alisema labda anapelekea mgonjwa. Siku ya pili alisema mgonjwa gani huyo. Baada ya hapo hakusema tena labda.

Alasiri moja akaamua. Alivaa baibui yake nyeusi kama kawaida, lakini siku hiyo akaufunika na uso, jambo asilolifanya hata msibani. Evarista alipotoka, akampa nafasi kidogo, akamfuata. Mwanamke wa rika lake, mwenye heshima zake, saumu mdomoni, ananyata nyuma ya mwanafunzi! Alijionea aibu, na bado miguu ilikwenda. Akakwepa mkokoteni wa marobota ya mitumba, akabanwa na mchukuzi mwenye magunia ya vitunguu, kijana mmoja akamning'inizia dera usoni akimwambia mama hii rangi yako. Kitambaa kile hakukipoteza machoni. Wakapita maduka ya vyombo, wakapita wauza viatu, wakaingia Mtaa wa Likoma, na Evarista akapanda ngazi za nyumba moja ya ghorofa yenye vibaraza vya vyuma.

Bi Nunu alisimama chini, akainua macho. Mlango ulifunguliwa nusu. Ukatoka mkono wenye bangili za dhahabu mpaka karibu na kiwiko, ukalipokea bakuli. Mkono ule alikuwa anaujua kuliko wake mwenyewe.

Ni wa Rania. Bi Nunu na Rania ndio walioanzisha jiko lile, wote wawili wasichana wa mtaa mmoja, shoga wa kuazimana mpaka viatu. Walikosana kwa sababu kila Rania alipotia kitu kwenye sufuria, Bi Nunu alitia kingine juu yake. Siku moja Rania akaweka mwiko chini, akaondoka, akafungua upishi wake mwenyewe Likoma, na harusi nyingi za mjini akazichukua yeye. Toka hapo hawasalimiani. Wakialikwa shughuli moja, mmoja anakaa mlangoni, mwingine anakaa mwisho kabisa.

Sasa kila kitu kikakaa mahali pake. Masala yake yanapelekwa kwa Rania, kidogo kidogo, kila siku. Walimchagua mgeni asiye na undugu na mtu ili kazi chafu iwe na wa kuifanya. Na Amira yumo, kwani mkono wake haukuwa wa kwanza? Bi Nunu alirudi nyumbani hajui amepita njia gani. Alifuturu tende na maji, chakula kikamshinda, na kwenye tarawehe alikuwa akirukuu huku anapanga atakayoyasema.

Kesho yake, alasiri, Evarista alipolifunga bakuli lake, pazia likavutwa. Bi Nunu alikuwa amesimama ndani ya jiko.

Mwiko ulisimama. Wanafunzi walimtazama kama watu waliofumaniwa, na jambo hilo likamthibitishia yote.

"Evarista, weka hilo bakuli chini."

Msichana aliliweka mezani. Bi Nunu alisema mengi. Alisema amemwona kwa macho yake Likoma. Alisema masala yale yana jasho la mama yake na la bibi yake, na leo yanabebwa kwenye kitambaa na kupelekwa kwa mtu anayemtakia mabaya. Alisema yeye aliwaachia jiko kwa imani, wao wakaligeuza soko. Neno mwizi nalo likatoka, na likishatoka hakulirudisha.

Evarista alifungua kitambaa, akafunua bakuli. Ndani mlikuwa na bokoboko, vijiko vichache tu, bado inafuka moshi. Hakukuwa na kitu kingine.

Bi Nunu aliangalia bakuli, akaangalia kitambaa, akaangalia tena bakuli.

"Shangazi, tulimtuma sisi," Amira akasema.

Na akaeleza, taratibu, bila kumwogopa, na Bi Nunu hakuwa amewahi kumsikia akizungumza hivyo. Walimchagua Evarista kwa sababu ndiye peke yake asiyefunga. Wote wengine wako na saumu, na ruhusa ya kugusa na kutema hawakuwahi kufundishwa, waliogopa kuharibu. Mwenye ulimi huru ndiye awe wa mwisho kusema. Lakini Evarista mwenyewe, siku ya kwanza tu, aliwaambia ukweli: chumvi anaijua, moto anaujua, ila bokoboko yenyewe inatakiwa iweje hajui, hakulelewa nayo. Wakakaa, wakajiuliza ni nani Kariakoo hafungi na bokoboko anaijua. Bi Rania ana sukari, daktari amemkataza kufunga miaka yote hii, mtaa mzima unajua. Basi wakapiga kura. Kila alasiri anapelekewa kidogo, anaonja, anasema imefika au haijafika. Hakuna aliyempa masala wala hakuna aliyeyaomba.

"Na mdalasini?" Bi Nunu aliuliza. Sauti ilikuwa imepungua.

Mdalasini waliupunguza wenyewe. Evarista ndiye aliyeuliza, hawa watu wamebeba mizigo juani tangu asubuhi hawana hata maji tumboni, ule mdalasini wote hauwakai kifuani? Wakabishana nusu ya siku. Amira alikataa kabisa. Wakajaribu, wakauliza wachukuzi barazani, wakaupunguza. Bi Rania alipoonja alicheka, akasema endeleeni tu, mwenye ugomvi hayupo.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungekubali?" Amira akamuuliza.

Evarista alikuwa anafungua aproni. Aliikunja vizuri, akaiweka pembeni ya bakuli. "Mwalimu, jana ulinifuata njia nzima," alisema. "Ungeniita tu, ningesimama." Akachukua mkoba wake, akatoka. Pazia lilicheza kidogo nyuma yake, likatulia.

Sasa sufuria iko motoni, magharibi inakuja, na Mtaa wa Kongo mikeka itatandikwa. Bi Nunu alifanya alichokuwa akikifanya maisha yake yote. Alikunja mikono ya baibui, akasema lete kijiko. Akagusa kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua. Akasimama. Akagusa tena.

Hakuijua. Ilikuwa tamu, hilo aliliona mara moja, laini, haina haraka. Lakini chumvi ilikuwa imetiwa yote au bado kuna ya mwisho? Ule ukali mdogo kwa nyuma ni tangawizi, nani aliweka tangawizi? Samli inakuja sasa au baadaye? Uso wake haukujua ukunje upande gani. Wanafunzi walikuwa wanamwangalia, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba hawamwangalii kwa kungoja amri. Walikuwa wanamwonea huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko dharau.

Akawaambia waongeze chumvi kidogo, waepue. Hakuna aliyesogea. Hawakumkatalia, hawakumjibu vibaya, walisimama tu pale walipo, miiko mikononi.

"Tulikubaliana wa mwisho kusema ni Evarista," Amira akasema. "Mfuate, shangazi. Sisi tunapunguza moto, itangoja."

Alimfuata. Alipanda bajaji, akamwambia dereva Magogoni, kwenye pantoni, tena haraka, na njia nzima alikuwa anagombana na foleni. Kila alipofumba macho aliliona lile bakuli wazi. Alimwogopa Mzee Awadhi, ndiyo, na aliogopa midomo ya Kariakoo. Lakini kilichomkaba hasa ni kwamba msichana yule akivuka maji leo na jina la mwizi, hatarudi, na wenzake watajua siku zote kwamba kuongoza ni kungoja siku mwalimu wako atakapokushuku. Angekuwa amewatengeneza akina Shukuru darasa zima.

Kivukoni watu walikuwa wamejaa, kila mtu anawahi futari ng'ambo. Pantoni ilikuwa ndiyo inakaribia. Bi Nunu alijipenyeza, akaomba samahani, akakanyaga watu, mpaka akamwona Evarista amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, macho makavu. Alikaa pembeni yake bila kukaribishwa.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea, tena mbele ya wenzio. Twende."

Evarista alisema ameshamsamehe, alimsamehe tangu njiani, maana hasira hazimkai. Kisha akasema, "Lakini si wewe uliyeniweka pale, Mwalimu. Huwezi kunirudisha. Nikirudi kwa neno lako, kesho nitatoka kwa neno lako."

Angekuwa ni mwaka jana, Bi Nunu angemwambia usinifundishe kazi. Maneno yenyewe yalifika ulimini. Aliyameza. "Basi nifanyeje?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

Evarista alitoa simu, akampigia Amira. Aliuliza neno moja tu, kama bado wanamtaka, halafu akasikiliza. Alisikiliza kwa muda. Alitikisa kichwa, akasema sawa, akasema ndiyo nimeelewa, akasikiliza tena. Bi Nunu alitega sikio, akaambulia sauti nyembamba isiyoshikika. Ule ugonjwa wake ukamrudia palepale. Wanasema nini kuhusu mimi? Wananicheka? Alikaza mkono kwenye tasbihi, akajilazimisha kuangalia watu wanaopanda pantoni.

"Wamesema nirudi," Evarista alisema akisimama. "Na wewe wana neno na wewe. Watakwambia wenyewe."

Kwenye bajaji Bi Nunu alikuwa amekwishajiandalia adhabu zote: wanataka aombe radhi mbele ya darasa, ataomba. Wanataka apatane na Rania, aa, hilo litamuuma, lakini ataliangalia. Walipofika Sikukuu, Amira alikuwa amesimama mbele ya pazia. Alimpisha Evarista, akampa aproni mkononi, na nyuma ya pazia zikasikika sauti za kumpokea. Bi Nunu akaomba radhi pale pale mlangoni, kwa sauti ya kutosha ili wa ndani wasikie. Amira akamshukuru. Halafu hakusogea.

"Shangazi, sisi tunakuomba jambo moja. Usikae hapa."

"Nisikae wapi? Si niko nje?"

"Hauko nje," Amira alisema, na macho yakamjaa machozi, maana alimpenda. "Ukikohoa hapo kitini, sisi tunasimamisha mwiko. Ukishusha pumzi, mtu anaongeza chumvi. Evarista anatuambia acheni, tunashindwa. Mwezi wote huu tunapika na wewe uko humu humu. Nenda ukakae kwa Mzee Awadhi, ungoje chakula na wenzio."

Bi Nunu alisimama akimwangalia mtoto huyu aliyemfundisha kushika kisu. Hasira zilimpanda, na aibu ikazifuata, na nyuma ya vyote hivyo akajikuta anaona jinsi alivyokaa siku zote zile akijihesabia thawabu ya kuwaachia, kumbe hakuwahi kuachia kitu. Alitaka kusema kidogo tu kuhusu ule moto. Akageuka, akaenda zake.

Barazani kwa Mzee Awadhi vijana walikuwa wanamwagia vumbi maji. Wachukuzi walishaanza kukaa, mabega yamewashuka, kila mmoja na tende zake kiganjani. Mzee Awadhi alimwona akija peke yake, mikono mitupu, akashtuka, maana katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona Bi Nunu mbali na sufuria muda kama ule. Alimuuliza kama kuna heri. Alimuuliza jikoni amemwacha nani. Bi Nunu akamwambia amewaacha wanafunzi wenyewe. Mzee akaangalia jua, akaangalia watu wake waliojaa mikekani, na wasiwasi ukamwonekana wazi.

"Kitafika kwa wakati, Bi Nunu? Kiko vipi leo?"

Alifungua mdomo amtulize, kama alivyowatuliza wateja maisha yake yote, amwambie kiko sawa, mimi nipo. Hofu iliyomjia ilikuwa mpya, ya mtu ambaye hana la kufanya.

"Sijui, Mzee Awadhi," alisema. "Nangoja kama nyinyi."

Mzee Awadhi akawaambia akina mama waliokaa mwisho wa mkeka wamsogezee nafasi mwenzao, akae.